Mlango Uliokuwa Wazi: Maneno juu ya Kitabu cha Kijana wa Wimbe



Nataka kusema machache juu ya kitabu kimoja ambacho wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari zake, ijapokuwa si wengi waliokisoma. Kiliandikwa kwa Kiingereza na William Kamkwamba wa Malawi, akisaidiwa na Bryan Mealer, mwandishi wa Kimarekani, kikatolewa mwaka 2009. Jina lake ni The Boy Who Harnessed the Wind, nasi twaweza kusema, kijana aliyeutia upepo lijamu. Ni kitabu chema, na mwisho wa maneno yangu nitawasihi mkisome. Walakini nina ugomvi, si na kitabu chenyewe, bali na namna sisi walimu na wazee tunavyokisimulia mbele ya watoto.

Wasioijua habari yenyewe na waisikie kwa ufupi. William alizaliwa mwaka 1987, akakulia karibu na Wimbe, katika wilaya ya Kasungu. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi na tumbaku. Mwaka 2001 mavuno yaliharibika, kwanza kwa mafuriko, kisha kwa ukame, na akiba ya nafaka ya serikali ilikuwa imekwisha kuuzwa. Njaa ikaingia. Watu wakala mara moja kwa siku, kisha wakala pumba, na wengi wakafa. Mwanzoni mwa mwaka 2002 kijana huyu aliingia shule ya sekondari, lakini baada ya majuma machache akaondolewa kwa kuwa baba yake hakuwa na karo. Umri wake ulikuwa miaka 14. Hakutaka kubaki nyuma ya wenzake, basi akawa anakwenda katika maktaba ndogo iliyokuwa ndani ya shule ya msingi ya Wimbe. Humo alikiona kitabu cha sayansi cha Kimarekani kiitwacho Using Energy, chenye picha ya mitambo ya upepo juu ya jalada lake. Akawaza moyoni kwamba kilichotengenezwa na mtu mahali fulani chaweza kutengenezwa na mtu mahali pengine. Akajenga mtambo kwa vitu vilivyotupwa, na kabla ya mwaka ule kwisha taa ikawaka nyumbani kwao.

Basi tangu habari hiyo ienee imekuwa kama mithali. Mwanafunzi akilalamika ya kuwa shule yake haina maabara, wala chama cha sayansi, wala mwalimu wa kumwongoza baada ya masomo, twamjibu upesi: “Mtazame yule kijana wa Malawi! Yeye hata shule hakuwa nayo. Penye nia pana njia.” Nami nimeyasema maneno hayo mara nyingi. Ni matamu kinywani mwa msemaji, maana hayamgharimu kitu. Mtoto akishindwa, kosa ni lake, hakuwa na nia. Mtoto akishinda, sisi twamsifu na kupiga makofi, ingawa hatukumpa hata msumari mmoja.

Lakini nilipokisoma kitabu polepole, penseli mkononi, niliona chasema neno jingine. Nilianza kuandika pembeni majina ya kila mtu na kila kitu kilichoingia katika kazi ile, na orodha yangu ikawa ndefu. Maktaba ilikuwa imewekwa kwa msaada wa Wamarekani, na mama aliyeitunza hakumfukuza kijana asiye na sare wala karo. Alimwazima vitabu na kumsaidia maneno magumu. Ng'ambo ya njia, kuelekea shule ya sekondari, palikuwa na jaa la mashine mbovu. Huko alipata pangaboi la trekta na shokapu aliyoifanya mhimili. Baba yake alikuwa na baiskeli iliyovunjika, akakubali mwanawe aichukue. Dainamo ilikosekana siku nyingi, hata siku moja rafiki yake Gilbert, mwana wa mtawala wa Wimbe, akaiona katika baiskeli ya mpita njia, akainunua kwa fedha yake mwenyewe. Bomba la plastiki ambalo lilipashwa moto, likabanjuliwa na kuwa mapanga ya mtambo, lilitoka katika bafu ya kwao Gilbert. Fundi wa kuunga vyuma alifanya sehemu yake, na ujira wake kijana aliupata kwa kupakia kuni katika lori. Binamu yake Geoffrey alishika kamba. Hata wale waliosema kwamba kijana ameingiwa na wazimu walikuja siku ya kwanza kutazama, wakashuhudia.

Je, ndugu wasomaji, huyu alikuwa peke yake? Nia yake ilikuwa kubwa, wala sitaipunguza hata kidogo. Lakini wazee wetu hawakusema mithali moja tu. Walisema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kitabu hiki chote ni maelezo ya mithali hii ya pili, nasi tumekifanya mahubiri ya ile ya kwanza.

Jambo linalokifanya kitabu kiwe na faida kuliko sifa zake zote ni jinsi kinavyoonyesha namna ya kujifunza. Hapo ndipo ningependa vijana wetu wakae muda mrefu. Kiingereza cha William kilikuwa kidogo, na vitabu vile viliandikwa kwa watu wengine kabisa. Alianza kwa picha. Akiona mchoro wenye namba, alitafuta namba hiyo katika maandiko, kisha akayashika maneno yaliyoizunguka, moja moja, na kuyatafuta katika kamusi au kumwuliza mtunza maktaba. Hivyo alijua sumaku ni nini na waya wa shaba una kazi gani, akafahamu kwamba sumaku ikizungushwa karibu na waya uliosokotwa, umeme hutiririka katika waya huo. Tazama, alikuwa amekwisha kuyaona hayo kwa mikono kabla ya kuyasoma, maana yeye na Geoffrey walizoea kufungua redio mbovu za majirani na kuzitengeneza. Kitabu kilikuja kuyapa majina mambo ambayo vidole vilikuwa vikiyajua.

Tena hakuanza na mtambo mkubwa. Alitengeneza kwanza mdogo, kwa mota ya redio, aone kama jambo lenyewe ni kweli. Hakuwa na keekee ya kutobolea plastiki, akachomeka msumari katika gunzi la muhindi na kuutia katika makaa. Hakuwa na washa za kukazia skurubu, akaokota vizibo vya chupa penye kilabu cha pombe akavipondaponda. Swichi aliifanya kwa vipande vya kandambili. Na upepo mkali ulipogusanisha nyaya darini, akaogopa moto, akatengeneza kifaa cha kukata umeme kwa misumari miwili iliyozungushiwa waya, na sumaku katikati. Mnara wake wa kwanza wa miti ya mkaratusi ulikuwa wa meta 5 hivi. Alipoona miti ya jirani yazuia upepo, akajenga mwingine wa meta 12. Taa moja ikawa taa nne, na redio mbili pamoja nazo, na watu wakaja kutia chaji simu zao. Mwalimu yeyote wa sayansi akisoma kurasa hizo ataona kwamba kila somo la umeme tunalolikaririsha ubaoni limo, ila kwamba hapa mtoto alilihitaji, kwa hiyo hakulisahau.

Sasa nafikia jambo ambalo wasimuliaji wetu hulipita kana kwamba halimo. Taa iliwaka mwaka 2002. William alirudi shule mwaka 2007. Katikati hapo pana miaka minne na zaidi, na mtambo ukizunguka. Kila mtu aliyepita njia aliuona. Alijaribu kusoma peke yake kwa vitabu vya maktaba, akiwauliza wenzake wamefundishwa nini. Mtambo uliweza kuwasha taa nne, lakini haukuweza kulipa karo ya muhula mmoja. Kilichombadilishia maisha hakikuwa mtambo peke yake. Ni kwamba mwaka 2006 wakaguzi wa ile maktaba walifika, wakauona mnara, wakauliza ni wa nani. Habari ikamfikia Daktari Hartford Mchazime, aliyefunga safari kuja kuona, kisha akaleta waandishi wa magazeti. Gazeti la Daily Times la Malawi likaandika mwezi wa Novemba mwaka ule, na Mchazime huyo akamhangaikia shule. Mwezi wa Juni mwaka 2007 kijana akaitwa Arusha, katika mkutano wa TEDGlobal. Alikuwa hajapanda ndege wala kulala hoteli. Ni hapo Arusha, katika nchi yetu, alipoonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza, akaandika neno la mitambo ya upepo, na majibu yakaja kwa mamilioni. Mwenyewe asimulia mshangao wake, kwamba maarifa hayo yote yalikuwapo siku zote. Wasomaji wengine hucheka hapo. Mimi sikucheka, maana nilifikiri: je, wako wangapi ambao mnara wao hakuna mkaguzi aliyepita akauona?

Mwaka 2019 kisa hiki kilifanywa filamu na Chiwetel Ejiofor, ambaye ndiye aliyecheza kama baba. Kijana mwenyewe alichezwa na Maxwell Simba wa Kenya. Picha zilipigwa Wimbe penyewe, na njaa imeonyeshwa kwa heshima kubwa, hata mtu aona aibu kutazama huku akila. Walakini filamu imebadili mambo mawili, nami nadhani imeharibu kwa kuyabadili. La kwanza, katika filamu mtambo wavuta maji, shamba lapata maji, na jamaa waokoka na njaa. Katika kitabu sivyo. Njaa ile ilikwisha kwa mavuno ya mwaka 2002, na mtambo ulikuja baadaye, ukawasha taa. Mambo ya pampu ya maji ni ya miaka ya baadaye, alipokwisha kupata msaada. Mtazamaji wa filamu huondoka akiamini kwamba kazi ya mtoto ni bure isipookoa kijiji kizima. Msomaji wa kitabu huona kwamba taa moja ndogo, ya kusomea usiku, yatosha kuwa mwanzo. La pili ni kubwa zaidi. Katika filamu kijana apata kuingia maktaba kwa hila: aijua siri ya mwalimu anayempenda dada yake, naye aitumia siri hiyo kumshurutisha. Katika kitabu hakukuwa na hila. Mlango ulikuwa wazi, akaingia. Yawezekana watengenezaji wa filamu waliona mlango ulio wazi hauna msisimko. Lakini kwa mzazi na mwalimu, mlango huo ndio kiini cha kisa chote.

Kitabu chenyewe nacho kina upungufu wake. Wengine husema mwanzo wake ni mrefu, wenye hadithi nyingi za uchawi na uwindaji kabla ya umeme kutajwa. Mimi sioni kosa hapo. Mtu asiyejua hofu ya watu wa kijiji hatafahamu kwa nini, mvua ilipokosekana mwaka 2006, wengine walisema kwamba mtambo wa William wapuliza mawingu. Upungufu naouona mimi uko mwisho. Tangu Arusha maneno yaenda mbio. Wafadhili wafuatana mmoja baada ya mwingine kama orodha ya shukrani katika harusi, na yule kijana wa jaani hatumwoni tena vizuri. Upungufu wa pili ni habari za wasichana. William alikuwa na dada sita. Twasoma kwamba wao na mama yao walipika, wakafagia, wakateka maji, huku ndugu yao akichokora vyuma, nao wakati mwingine wakimnung'unikia. Kitabu hakiulizi kama mmoja wao naye angetaka kuchokora. Msichana angeupata wapi mchana mzima wa kukaa maktaba? Simlaumu kijana wa miaka 14 kwa kutouliza. Lakini sisi tunaosoma tukiwa watu wazima yatupasa kuuliza, maana katika nyumba zetu ndoo ya maji yamngoja nani alasiri, kila mtu ajua.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Malawi tu. Sisi tunaye Erasto Mpemba, na maneno yake ni mafupi kuliko ya William, kurasa chache tu zilizochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education pamoja na Daktari Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, nao walitakiwa wayaache yapoe kwanza kabla ya kuyatia katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akaogopa kuikosa, akayatia yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe aliyetia ya baridi yalikuwa bado. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, siyo ya watu wengine. Na tangu siku ile kila alipokosea hesabu darasa zima likamcheka kwa neno hilohilo.

Alifanyaje? Alasiri moja alikuta chumba cha maabara ya biolojia ki wazi, na mwalimu hayupo. Akachukua vyombo viwili, kimoja akatia maji ya bomba, kimoja maji ya moto, akaviweka katika friji, akaona dalili ya jambo lile lile. Kisha Osborne alipoitembelea shule, Mpemba akasimama akauliza mbele ya wote, na wenzake wakaona haya kwa ajili yake. Mgeni hakuwa na jibu, lakini hakucheka. Aliahidi kujaribu, akajaribu, akamwita waandike pamoja. Wataalamu wangali wakibishana hata leo kama jambo lile hutokea kila mara, na kwa nini, nalo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Kwa shabaha yangu ubishi huo si kitu. Nasema tu kwamba hapa pia twaona mlango uliokuwa wazi kwa bahati, na mtu mzima mmoja aliyesema “tujaribu” badala ya kusema “nyamaza.”

Yanipasa nami kukiri jambo. Miaka sita iliyopita mvulana wa darasa langu alileta shuleni kipangaboi kidogo alichokitengeneza kwa mota ya redio ya kaseti na bati la kopo, kikizungushwa na betri kuukuu zilizoanikwa juani. Wenzake walimzunguka, somo likavurugika, na mtihani ulikuwa karibu. Nikakichukua, nikakifungia kabatini. Sikumchapa, nikadhani huo ndio wema. Nilimwambia kwamba mambo hayo hayamo katika mtihani, nayo ilikuwa kweli. Hakurudi kukiomba. Mtihani alishindwa. Sasa hutengeneza simu chini ya mwembe penye gulio letu, na mwaka jana nilipompelekea yangu alinipa “Shikamoo, mwalimu,” akaitengeneza kwa nusu saa, akakataa malipo. Sikuthubutu kumtajia kile kipangaboi. Nilipofika katika kitabu mahali pale mama mtunza maktaba anapomwandikia William kitabu kile kile kwa mara nyingine, nilifunga kitabu, nikaenda kabatini. Kilikuwa kingali humo, kimeota vumbi.

Kwa hiyo mtanisamehe nikiacha sasa kazi ya kuhukumu kitabu, nikasema kama mwalimu. Shule zetu nyingi hazitapata maabara mwaka huu, wala mwaka ujao. Lakini vitu vilivyomsaidia kijana wa Wimbe havikuwa vya gharama, navyo vyapatikana katika vijiji vyetu.

Kwanza, kabati la vitabu lifunguliwe. Shule ngapi zina vitabu vya sayansi vilivyotolewa kwa hisani, navyo vimefungiwa ofisini visichafuke? Kitabu kisichochafuka hakijasomwa. Zitengwe alasiri mbili kwa juma, na mtoto aliyetoka shule kwa kukosa karo asizuiwe kuingia.

Pili, liwepo sanduku la vitu vibovu: redio, tochi, baiskeli, simu zilizokufa. Kila nyumba ina kitu cha namna hiyo. Lakini watoto waonywe kabisa kwamba umeme wa ukutani huua, wala wasiuguse. Betri za tochi zatosha kwa kujifunza. Na betri za simu zilizovimba zisiingizwe sandukuni hata kidogo, maana hupasuka na kuwaka.

Tatu, fundi wa kijiji ahesabiwe kuwa mwalimu. Yule wa baiskeli, yule wa kuunga vyuma, yule wa redio, wanayo maarifa ambayo sisi wenye vyeti hatunayo. Mtoto akiruhusiwa kukaa karibu nao siku ya Jumamosi, amepata chama cha sayansi bila kulipa ada.

Nne, msichana apunguziwe ndoo alasiri moja kwa juma. Neno hili nalisema kwa akina baba hasa, kwa kuwa akina mama peke yao hawawezi kulitimiza. Kaka yake aweza kuteka maji siku hiyo, wala mkono wake hautakatika.

Tano, kazi ya mtoto ionekane. William alikaa miaka minne bila kuonwa na mtu mwenye uwezo wa kumsaidia. Siku ya wazazi, badala ya nyimbo na hotuba peke yake, iwekwe meza moja ya vitu vilivyotengenezwa na wanafunzi, na kila mmoja aeleze chake. Kazi njema na ipelekwe mbali zaidi. Liko shirika la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, ambalo limekuwa likiwakusanya wanafunzi wa sekondari waonyeshe uchunguzi walioufanya wenyewe. Mwalimu hahitaji kujua majibu yote ndipo amsaidie mwanafunzi kuandika ombi. Osborne naye hakuwa na jibu.

Mtasema: “Mwalimu, haya ni madogo.” Naam, ni madogo. Maktaba ya Wimbe ilikuwa na rafu tatu tu. Wala sisemi kwamba kila mtoto atakayefunguliwa mlango atajenga mnara na kuitwa Arusha. William mwenyewe alikwenda mpaka Marekani, akamaliza chuo cha Dartmouth mwaka 2014, lakini wengi hawatafika huko, na si lazima wafike. Yatosha mtoto ajue kwamba swali lake si wazimu.

Kwa hiyo someni kitabu hiki, nanyi mnaojua Kiingereza wasomeeni wasiokijua, jioni, sura kwa sura; habari za njaa zitawafanya wazee watikise vichwa, maana wao pia wanazo zao. Filamu nayo itazameni, ila baada ya kitabu. Na mkimaliza, msiwaambie watoto wenu tu kwamba penye nia pana njia. Ulizeni kwanza njia hiyo imezibwa na nani.

Nami juma lililopita nilikwenda gulioni, nikamrudishia fundi wangu kile kipangaboi. Alikigeuzageuza mkononi muda, akasema waya wa upande mmoja ulikuwa umeungwa vibaya tangu mwanzo. Nikamwomba awe akija shuleni kila Alhamisi jioni kuwaonyesha watoto jinsi ya kufungua redio. Hakujibu mara moja. Aliuliza kama mwalimu mkuu ataruhusu mtu aliyefeli aingie darasani kufundisha. Swali hilo nimelipeleka kwa mwalimu mkuu, na mpaka leo nangoja jibu.

Ni mimi, mwalimu mwenzenu.